Pesa inakatwa na simu anashika mtoto: tafuta chanzo kabla ya kutafuta fimbo

Mimi ni fundi simu. Wazazi wengi wanaoniletea simu hapa karibu na soko la Majengo, Dodoma, kwa sababu pesa yao imeishia kwenye gemu ya mtoto, huwa wameshamaliza kesi njiani. Mtoto ameshachapwa, gemu imeshafutwa, na kilichobaki ni swali moja: fundi, hela itarudi? Hapo kazi inakuwa ngumu, kwa sababu ushahidi umefutwa pamoja na gemu, na mtoto, ambaye ndiye anayejua pesa ilipitia wapi, ameshafunga mdomo.

Katika kesi nyingi za aina hii mtoto si mwizi. Gemu imetengenezwa na watu wazima wanaolipwa mishahara ili wapime ni rangi gani, ni sekunde ngapi na ni maneno gani yatamfanya mchezaji abonyeze "nunua". Mtoto wa darasa la tano hana ubavu wa kushindana nao. Kwa hiyo tunaanza na simu, kisha njia ya pesa, na mtoto tunamweka upande wetu kama shahidi.

Kabla hujagusa chochote

Usifute gemu. Ukiifuta, usajili unaokata kila wiki utaendelea kukata, na namba ya mchezaji ambayo kampuni itakuuliza itakuwa imepotea. Badala yake piga picha za skrini: meseji za makato, ukurasa wa gemu wenye jina na namba ya mchezaji, na risiti zilizoingia kwenye barua pepe. Risiti za Google Play huwa na namba ya oda inayoanza na herufi GPA. Iandike pembeni, utaihitaji.

Kisha badilisha namba ya siri ya pesa ya simu ukiwa peke yako, na uingie kwenye duka la programu uondoe njia ya malipo iliyohifadhiwa. Ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo mlango mkubwa wa pesa umefungwa na una nafasi ya kufikiri.

Mtoto mwambie tu akae karibu akusaidie kuangalia. Akijua hachapwi leo, ataonyesha mambo ambayo hata fundi hawezi kuyaona.

Pesa imepitia mlango gani?

Soma meseji za makato moja moja, usiangalie jumla. Tazama jina la aliyepokea, saa, na kiasi.

Kama aliyepokea ni jina la mtu wa kawaida, basi pesa haikwenda kwa gemu moja kwa moja. Mtoto amenunua daimondi, yaani fedha ya ndani ya gemu, kwa dalali, au ametapeliwa. Hilo lina sehemu yake hapo chini. Kama ni jina la duka la programu au kampuni ya nje, mara nyingi pesa imepita kwenye kadi: ya benki, au ile ya mtandaoni ambayo siku hizi mtu anaitengeneza mwenyewe ndani ya programu ya pesa ya simu. Wazazi wengine hawajui kama kadi hiyo ipo, kwa sababu ilitengenezwa na mtoto.

Kama pesa ya simu iko salama ila vocha unayoweka inaisha bila kupiga, mlango ni salio la kawaida. Inawezekana laini imeunganishwa na duka la programu kama njia ya kulipia, au mtoto alibonyeza tangazo likamuunga kwenye huduma ya meseji inayokata kidogo kidogo kila siku. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, waombe wakutajie kila huduma iliyounganishwa na namba yako, kisha wazitoe zote usizozijua. Waambie "zote", usiwatajie moja.

Mlango wa nne hauna meseji: ni chenji ya dukani na hela ya daftari. Mtoto anampelekea kaka mkubwa wa mtaani mwenye akaunti, naye anamnunulia.

Na kama meseji hazipo kabisa? Ujue kuna mtu anazifuta. Historia ya miamala bado iko kwenye programu ya mtandao wako, au unaweza kwenda duka lao na kitambulisho ukaomba taarifa ya miamala. Lakini mtoto wa miaka tisa aliyefikia kufuta meseji ana hofu ya siku nyingi. Kumbuka hilo utakapokaa naye.

Angalia pia huduma ya kukopeshwa ili umalizie muamala, kama Songesha. Salio lisipotosha, muamala unapita na wewe unabaki na deni na ada yake. Ndiyo maana mtu anatumiwa pesa na ndugu yake wa Singida, anaona imeingia, na dakika hiyo hiyo imepungua. Haikuibwa tena, ni deni la juzi linajilipa.

Makato madogo, yamefuatana, mara nyingi jioni au usiku

Hii ndiyo dalili ninayoiona zaidi, na ndiyo inayoniumiza zaidi.

Mama mmoja anayeuza mboga Sabasaba alinionyesha simu yake. Sh 2,600. Sh 2,600. Sh 2,600. Tena Sh 2,600. Zote kati ya saa mbili na saa mbili na nusu usiku, muda ambao yeye yuko jikoni. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake, sare ya shule bado mwilini. Nikamwomba anifungulie gemu. Akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la bahati. Kulizungusha bure kulikuwa kumebaki kumoja, akabonyeza. Gurudumu likazunguka kwa kasi, likapunguza mwendo, mshale ukaikaribia bunduki ya dhahabu, ukasita juu yake, ukasogea kidogo na kutua kwenye kipande cha rangi ya kofia.

"Umeona fundi?" akaniambia. "Imebaki kidogo tu. Kila siku inabaki kidogo."

Mama yake alikuwa amekuja akiwa na hasira. Aliposikia hivyo akavuta kiti, akasema, "Hebu rudia mwanangu, nione vizuri."

Lile gurudumu halizunguki kama gurudumu la baiskeli. Kwa kawaida kompyuta inakuwa imeshachagua jibu mara tu unapobonyeza. Kupunguza mwendo, kusita, kupita pembeni mwa zawadi kubwa, ni picha iliyochorwa juu ya jibu ambalo limeshatoka. Kukosa kidogo kunamsukuma mtu ajaribu tena kuliko kukosa kabisa. Wenye mashine za kamari walilijua hilo kabla simu janja hazijakuwepo. Sanduku la kufungua bila kujua kilichomo, pakiti ya wachezaji kwenye gemu ya mpira, yai la kupasua: sura tofauti, kazi ileile.

Nchini kwetu mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, na michezo hiyo inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Gurudumu la kwenye gemu linapenya kwa sababu unachoshinda ni picha na si fedha. Ubelgiji mwaka 2018 ilikataa hoja hiyo, ikasema masanduku ya kulipia ni kamari. Marekani, Januari 2025, kampuni inayosambaza Genshin Impact ilikubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia masanduku hayo walio chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mzazi. Tangu Desemba 2017 Apple inazitaka gemu zenye masanduku ya kulipia zionyeshe uwezekano wa kupata kila aina ya zawadi kabla mtu hajanunua. Kwa hiyo takwimu zipo, ila mara nyingi zimefichwa nyuma ya alama ndogo ya kuuliza pembeni mwa gurudumu. Ibonyeze na mtoto, msome pamoja.

Mkikuta bunduki ya dhahabu ni asilimia moja, chukueni sufuria. Wekeni punje 99 za mahindi na haragwe moja. Mtoto afumbe macho, achomoe moja, airudishe, achanganye, achomoe tena. Kila akichomoa, andika Sh 2,600 kwenye karatasi. Watoto wengi hudhani asilimia moja maana yake ni kwamba ukizungusha mara mia lazima upate. Sivyo. Kati ya watoto 100 watakaozungusha mara 100 kila mmoja, takriban 37 wataondoka bila hilo haragwe. Nimeona sufuria inafanya kazi ambayo mahubiri ya wiki nzima hayakuifanya, maana mtoto anaona kwa mikono yake.

Upande wa simu, dawa ya dalili hii ni kuondoa njia ya malipo na kubadilisha namba ya siri. Mipangilio ya gemu yenyewe haikusaidii, kwani mara chache ina kitufe cha kuzima gurudumu. Kama mtoto analizungusha hata likiwa la bure kila asubuhi, mbadilishie gemu. Ya bure ndiyo inayomzoesha.

"Sijui ni bei gani, nilinunua daimondi tu"

Mtoto akijibu hivi, usimwone mjeuri. Kweli hajui. Kati ya shilingi na kile alichokinunua, gemu imeweka fedha yake: daimondi kwenye Free Fire, Robux kwenye Roblox, UC kwenye PUBG Mobile. Ukishabadilisha, bei haionekani tena. Hakuna anayehisi ametoa Sh 13,000 anapoona imeandikwa 400.

Angalia pia namna vifurushi vinavyopangwa. Tuseme shati linauzwa 120, na vifurushi vya daimondi vilivyopo ni 100 na 310. Kwa 100 hapati. Akinunua 310 atabaki na 190, akichukua shati la pili atabaki na 70, ambazo hazitoshi kununua chochote ila zinauma kuziacha. Basi anaongeza. Masalio hayo yamepangwa yabaki.

Bandika karatasi ukutani au nyuma ya simu: daimondi 100 ni shilingi ngapi, na shilingi hizo ni mikate mingapi au nauli za daladala ngapi kutoka Nzuguni hadi mjini. Piga hesabu na mtoto kwa bei iliyo kwenye simu yenu siku hiyo, kwa sababu inabadilika.

"Sijabonyeza, imejinunua"

Msikilize. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, wenye Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja. Moja ya tuhuma ilikuwa kwamba vitufe vimepangwa vibaya kiasi cha mtu kutozwa kwa kubonyeza mara moja tu, hata wakati anajaribu kuamsha gemu iliyolala au gemu inapofunguka. Mwaka 2014 Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5, kwa sababu mzazi akishaingiza neno la siri mara moja, mtoto alikuwa na dakika 15 za kununua bila kuulizwa tena. Google nayo mwaka huohuo ilikubali kurudisha angalau milioni 19. Kwao dirisha lilikuwa la dakika 30. Kama kampuni kubwa namna hiyo zilirudisha fedha kwa watu wazima wa Marekani, mwanao wa Nkuhungu anaweza kuwa anasema kweli.

Fanya haya kwenye simu ya Android. Fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti yako juu kulia, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi. Chagua uthibitishaji kwa kila ununuzi. Usichague kila baada ya dakika 30.

Kisha nenda kwenye usalama wa simu uangalie alama za vidole zilizosajiliwa. Hapa ndipo wazazi wanapokwama. Umeweka ulinzi wote, lakini kidole cha pili kilichohifadhiwa ni cha mtoto, ulichomwekea mwenyewe ili asikusumbue kufungua simu. Kidole kilekile kinaidhinisha malipo. Kifute, mpe mtoto njia nyingine ya kufungulia.

Kwa iPhone, ingia Mipangilio, kisha Screen Time, kwenye vizuizi vya maudhui na faragha, uzuie ununuzi wa ndani ya programu. Weka namba ya siri ya Screen Time isiyofanana na ile ya kufungulia simu.

Mtoto mwenye simu au kishikwambi chake mwenyewe afunguliwe akaunti ya mtoto kwa Family Link ya Google, umri wake halisi ukiwekwa. Ukimdanganyia umri ili gemu ikubali, ulinzi ambao Google na kampuni ya gemu wameuweka kwa watoto hautamfikia.

Kiasi kilekile, kila wiki au kila mwezi, siku ileile

Huo ni usajili, mara nyingi ulioanza kwa "siku tatu bure". Play Store, picha ya akaunti, Malipo na usajili, kisha Usajili. Ghairi hapo. Umemaliza.

Pesa imekwenda kwa mtu binafsi

Kuna madalali wa daimondi kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Wengine wanauza kweli, wengine wanapokea na kukublok. Mtoto anatuma namba ya mchezaji na pesa, anasubiri. Wabaya zaidi wanaomba pia neno la siri la akaunti "ili tukuwekee", na akaunti inaondoka. Kuna pia tovuti zinazoahidi daimondi bure ukiingiza jina na neno la siri. Hakuna daimondi za bure kwenye tovuti hizo, hata moja.

Ukigundua mapema, piga mtandao wako wa simu mara moja uombe muamala urudishwe. Kila saa inayopita inampa tapeli muda wa kutoa kwa wakala. Namba iliyotumika kutapeli iripoti TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia 15040, na kama kiasi ni kikubwa nenda polisi na picha za skrini ulizopiga mwanzo. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Badilisha maneno ya siri ya akaunti ya gemu na ya barua pepe iliyounganishwa nayo, ukianzia na barua pepe.

Sasa kuna hali moja inayofanana na hii lakini ni hatari kuliko zote, na pesa inaweza isihusike kabisa. Mtoto ana skini (mavazi na mapambo ya ndani ya gemu) na daimondi nyingi, na wewe hujakatwa hata shilingi. Amepewa na nani? Akisema rafiki wa kwenye gemu, uliza kwa upole: mnaongea nini, ameshakuomba picha, amekwambia msimwambie mama? Mtu mzima anayempa mtoto asiyemjua zawadi na kumtaka atunze siri, ana analolitafuta. Usimfokee mtoto, usimjibu mtu huyo, hifadhi mazungumzo yote. Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, watakuongoza. Ripoti pia dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Hakuna pesa iliyotoka, ila bando linaisha na mtoto haachi simu

Huku analipa kwa muda na kwa macho yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walikagua programu 135 za watoto wa miaka mitano na chini. Asilimia 95 zilikuwa na matangazo ya namna fulani. Waliona wahusika wa katuni wakimhimiza mtoto anunue, mpaka mmoja aliyelia mtoto alipotoka dukani bila kununua. Mtoto wa miaka minne anaamini kabisa kwamba amemuumiza rafiki yake.

Mitego mingine utaitambua haraka ukikaa naye dakika kumi. Alama ya kufunga tangazo ni ndogo kuliko kidole, au inachelewa, au ukiibonyeza inakupeleka kwenye duka. Saa inahesabu kurudi nyuma: "ofa inaisha baada ya saa mbili." Ipige picha, fungua tena kesho, mara nyingi ofa ileile iko palepale na saa imeanza upya, na mtoto akijionea mwenyewe mara mbili hatishiki tena. Maisha yameisha, subiri nusu saa au lipa. Zawadi ya kila siku ambayo ukikosa leo unaanza upya siku ya kwanza. Huo wa mwisho ndio unaowaamsha watoto alfajiri kabla ya shule.

Zima arifa za gemu zote kwenye mipangilio ya simu. Gemu zinazocheza bila intaneti, zichezwe data ikiwa imezimwa: matangazo mengi yanakufa hapo hapo na bando linapona. Na kabla ya kupakua gemu yoyote, soma maandishi madogo chini ya jina lake kwenye Play Store. Kama kuna "Ina matangazo" na "Ununuzi wa ndani ya programu", vyote viwili, tafuta nyingine. Zipo nzuri zisizo na hata kimoja: sataranji, bao, mafumbo ya maneno.

Kwa wazazi wanaofanya kazi Mtumba na kurudi Kisasa au Ilazo giza limeingia, najua simu au kishikwambi kimekuwa mlezi wa jioni, na dada wa nyumbani naye ana mzigo wake. Siwalaumu. Ila mfundisheni dada pia. Yeye ndiye anayeulizwa "dada, nibonyeze hapa?" nanyi hampo.

Namba ya siri inajulikana na nyumba nzima

Nikiuliza mtoto aliijuaje, jibu ni lilelile. Mama alikuwa anakanda unga akamwambia amtumie shangazi hela. Bibi hasomi maandishi madogo, mjukuu ndiye anayemtolea. Kumwambia bibi wa Chamwino asimwambie mjukuu namba ya siri ni kumnyima pesa yake. Kwa hiyo dawa haiko kwenye kukataza.

Dawa ninayoipenda ni kutenganisha. Laini yenye pesa iwekwe kwenye kitochi, simu ya vitufe ya kawaida. Menyu ya pesa ya simu inafanya kazi vizuri tu huko bila intaneti. Simu janja ibaki na laini nyingine ya bando, isiyo na pesa ndani. Gemu haiwezi kuchukua pesa isiyokuwemo kwenye simu, mradi umeshaondoa kadi kwenye duka la programu, na meseji za uthibitisho za benki zielekezwe kwenye laini ya kitochi pia. Mjukuu ataendelea kumsaidia bibi, kwenye kitochi, bibi akiwa amekaa pembeni. Ukiwa na shaka laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106# uangalie.

Kudai pesa irudi

Ununuzi wa Google Play ukiwa na chini ya saa 48, omba marejesho kwa Google moja kwa moja, kwenye tovuti yao au kwenye historia ya ununuzi, ukichagua kwamba ulifanywa na mwanafamilia bila idhini yako. Saa 48 zikipita, mwandikie mtengenezaji wa gemu. Anwani yake iko chini kwenye ukurasa wa gemu. Kama aliyenunua ni mtu usiyemjua kabisa, Google inapokea taarifa ndani ya siku 120. Kwa Apple, ingia reportaproblem.apple.com.

Andika kwa ufupi: namba za oda, tarehe, kiasi, umri wa mtoto, kwamba hukutoa idhini, na kwamba umeshaweka ulinzi. Usitukane na usiongeze chumvi. Sema vitu vilivyonunuliwa unakubali viondolewe. Maombi mengine hukataliwa, ila nimeona fedha zikirudi kwa waliowahi na kueleza vizuri. Kupitia benki kupinga makato ni hatua ya mwisho, kwani akaunti ya gemu inaweza kufungwa na kila kilichomo.

Umefanya yote na bado inakatwa

Basi huenda akaunti yako iko wazi kwenye kifaa kingine. Inaweza kuwa simu ya zamani uliyouza bila kuitoa akaunti, kishikwambi kilichoachwa kwa binamu Kondoa wakati wa likizo, au televisheni ya sebuleni. Fungua mipangilio ya akaunti ya Google, sehemu ya usalama, tazama orodha ya vifaa vyako. Toa kila usichokishika mkononi leo, kisha badilisha neno la siri la akaunti. Makato yakiendelea baada ya hapo, nenda benki au duka la mtandao wako wakufungie kadi hiyo, uchukue yenye namba mpya.